Somo la Ishirini na Tatu

Pikapu ilikuwa imezimwa kwa dakika kumi nzima, na Tirzah alikuwa hajashuka.

Lavonne Tackett alimwona kupitia dirisha la jikoni, mikono yake ikiwa ndani ya bakuli la unga wa mahindi. Mumewe, Verlin, alikwisha kushuka. Aliufunga mlango wa upande wake taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa, kisha akaelekea bandani bila kuitazama nyumba. Verlin hakuwa mtu wa kwenda bandani kabla ya kunywa chai yake ya barafu. Hapo Lavonne akajua kwamba mtihani wa chuo haukwenda vizuri.

"Mama, mbona hashuki?" aliuliza Jerusha, mdogo wake Tirzah, aliyekuwa mezani akipanga vipande vya kitambaa kwa ajili ya blanketi la viraka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na ulimi usio na breki. "Au ameshakuwa nesi, sasa anangoja kufunguliwa mlango?"

"Panga viraka vyako."

"Nimeshapanga. Nyota nane, kila nyota pembe nane. Niandikie jiometri, nusu saa."

Siku nyingine Lavonne angecheka, akachukua kalamu na kuandika. Siku hiyo hakuigusa kalamu.

Hatimaye Tirzah aliingia. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kama baba yake, nywele zimesukwa msuko mmoja ulioshuka mgongoni. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya safari ile ya chuo cha uuguzi. Alivua viatu mlangoni, akavipanga sawasawa, akavuta kiti.

"Ya kusoma na kuandika yalikwenda vizuri," alisema. "Msimamizi alisema mwaka huu hajaona aliyefanya vizuri kuliko mimi."

"Na ya hesabu?"

"Maswali arobaini. Nilijibu tisa."

"Tisa si haba kwa mara ya kwanza, mwanangu."

"Haikuwa mara ya kwanza tu. Alinihurumia, akaniruhusu nirudie baada ya chakula cha mchana. Nikajibu manane." Tirzah aliyatazama mapaja yake. "Si kwamba nilikosea, Mama. Kukosea nakujua. Yale sikuelewa hata yananiuliza nini. Yalikuwa kama barua ya mtu mwingine."

Jerusha alifumbua mdomo, akamtazama dada yake, akaufumba. Hilo halikuwa jambo la kila siku.

"Akaniuliza nani alinifundisha aljebra. Nikamwambia, mama yangu. Akaitazama karatasi ya matokeo uliyowapelekea, akaona umeniandikia A miaka mitatu mfululizo. Akaniuliza kama huwa naugua nikiwa kwenye mtihani. Nikasema hapana, bibi, mimi mzima. Basi akaanza kusema nami polepole, kwa sauti kubwa. Unakumbuka watu walivyokuwa wakisema na Nana baada ya kiharusi? Hivyo hivyo."

Hapo ndipo pa kusema. Lavonne alipaona mahali penyewe wazi kama mtu anavyoona daraja mbele yake, akapita kando.

"Mungu ana makusudi yake," alisema.

"Ndiyo, Mama." Tirzah aliinuka na kuchukua aproni. "Nadhani sina kichwa, basi. Nilidhani ninacho. Umenifundisha kila kitu, nimepata A, na bado hakikuingia. Mwalimu hana kosa."

Lavonne alirudisha mikono yake ndani ya unga. "Mkate utachelewa," alisema.

Katika vilima vile vya Ozark, sheria haimdai mama anayewafundisha wanawe nyumbani mtihani wala mkaguzi. Inamdai daftari. Saa elfu moja kila mwaka, mia sita kati yake ziwe za masomo ya msingi, na mama mwenyewe ndiye anayeziandika. Lavonne alikuwa na madaftari kumi na mawili kwa jina la Tirzah, yamepangwa juu ya piano, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika vizuri akiwa mkubwa. Kuchemsha sabuni ya majivu na mafuta: kemia. Kuhesabu miezi ya mimba ya mbuzi: elimu ya viumbe. Barua kwa wajane wa kanisa: utunzi. Wala haukuwa mchezo. Tirzah alisoma kuliko watoto wengi wa mjini, aliijua Biblia kwa kurasa, na angeweza kumzalisha mbuzi huku akikueleza kila kinachotukia.

Lavonne alikuwa na sababu mbili za kuwafundisha nyumbani. Ya kwanza aliisema hadharani: alitaka waijue sauti ya Mungu kabla ya kuzizoea sauti nyingine. Ya pili hakumwambia hata Verlin. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, mwalimu wa hesabu alimsimamisha mbele ya ubao mpaka kengele ikalia, darasa zima likicheka, chaki ikilowa jasho mkononi mwake. Kesho yake hakurudi, wala keshokutwa. Alipompata Tirzah aliapa kwamba mtoto wake hatasimama vile mbele ya mtu yeyote.

Kitabu cha aljebra kilifika Tirzah alipotimiza miaka kumi na minne. Kilikuwa na jalada la bluu, na masomo mia moja na ishirini. Walikwenda nacho pamoja, mama akitangulia hatua moja kila usiku na kumfundisha binti asubuhi. Katika somo la ishirini na tatu, herufi zilionekana pande zote mbili za alama ya sawasawa, na Lavonne akakwama. Alikaa na ukurasa ule siku tatu. Siku ya nne mama mkwe wake, Nana Orpha, alianguka kwenye shamba la maharage, akaletwa nyumbani akiwa amepooza upande wa kulia, na kitanda chake kikawekwa sebuleni.

Ni nani angemlaumu mtu kwa kufunga kitabu juma lile? Tirzah alijifunza kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kusafisha vidonda vya kulalia, kupima matone ya dawa, kumsomea zaburi taratibu ili maneno yamfikie. Kila jioni Lavonne aliandika: Hesabu, saa moja. Kwa matone ya dawa, ilikuwa kweli. Kwa nyota za viraka, ilikuwa nusu kweli. Kwa kuongeza sukari maradufu kwenye jamu, ilikuwa robo. Kufikia mwaka wa pili mkono ulikuwa ukiandika wenyewe, na kitabu cha bluu kilikuwa juu kabisa ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa la kuchemshia mitungi ya jamu.

Nana alifia mikononi mwa Tirzah. Hapakuwa na mwingine chumbani. Alipotoka kuwaita, uso wake ulikuwa mtulivu, akasema, "Mama, kazi yangu ni hii. Nimeijua leo."

Lavonne alifurahi, tena kweli kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomfunga mdomo Jumanne ile juu ya unga wa mahindi. Tirzah alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuja kumwambia kwamba Mzee Harlan, mpima ardhi mstaafu, anawafundisha hesabu vijana wa ushirika wa familia zinazofundisha nyumbani, kila Alhamisi katika chumba cha chini cha kanisa, na wenzake wote wanakwenda.

"Nami niende?" aliuliza.

Lavonne alimwona Mzee Harlan akifungua daftari la Tirzah mbele ya akina mama wote. Akaiona chaki.

"Wao ndio wanaokufuata wewe," alimjibu. "Wewe pale umeshapapita."

Tirzah aliamini, akatoka na mwendo wa mtu aliyevikwa taji.

Jumatano asubuhi alifika Nadine Cawthon, mwenyekiti wa ushirika, akiwa na bahasha kubwa kwapani na sahani ya keki ya stroberi mkononi. Sherehe ya kuhitimu ilikuwa Jumamosi. Katika sherehe zao hapakuwa na mkuu wa shule. Kila mzazi alipanda jukwaani na cheti alichokitia saini mwenyewe, akamkabidhi mwanawe, naye mtoto akampa mama waridi moja. Nadine alikuwa amechapisha vyeti tisa.

"Nimesikia," alisema hata kabla ya kuketi. "Usiniulize nani kasema, kanisa hili lina masikio kuliko shamba la mahindi. Pole, dada yangu."

"Asante."

"Sasa nisikilize. Mlango umefungwa. Mshukuru aliyeufunga. Miaka ishirini na sita nimeolewa, Royce hajawahi kuniomba x mezani hata siku moja. Ananiomba chumvi."

Lavonne alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, na kilipokwisha alijisikia kama aliyekula kitu kilichoharibika.

"Alitaka kuwa muuguzi, Nadine."

"Na amekuwa. Amemuuguza Orpha miaka miwili, nani mwingine kafanya hivyo hapa? Atawahudumia watu papa hapa, bila karatasi. Atabaki nawe." Nadine aliinama, akashusha sauti. "Si ndilo uliloniambia tuombe pamoja wakati wa mfungo?"

Ilikuwa kweli. Alimwomba Mungu, kwa maneno mazuri, amweke Tirzah karibu. Sasa ombi lilikuwa limejibiwa, nalo lilikuwa mezani, na lilimtaka jambo moja tu: anyamaze.

"Tia saini tu," alisema Nadine akimsogezea karatasi. "Mengine ni kelele za dunia."

"Nitaitia baadaye. Mikono yangu ina mafuta."

Mikono yake haikuwa na kitu.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, Tirzah aliwaambia kwamba atawaandikia watu wa chuo wafute jina lake. Alilisema hilo huku akimpitishia baba yake bakuli la maharage, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Verlin aliweka uma chini. "Binti anajishonea gauni bila karatasi ya kukatia, halafu anakuja kuniambia hana kichwa. Mimi nilihitaji kuelekezwa mara mbili ndipo nikaipata nyumba ya mama yenu, na ilikuwa ng'ambo ya barabara."

Jerusha peke yake alicheka.

"Kushona ni mikono, Baba."

"Nani kakwambia mikono haina kichwa?"

"Arobaini toa tisa imeniambia." Tirzah alitabasamu kumfariji, na tabasamu lile lilikuwa gumu kulitazama kuliko machozi. "Sina huzuni. Mungu angetaka niende, angenipa akili ya kwendea. Nitabaki nimsaidie Mama kumfundisha Jerusha. Angalau ya mwanzo mwanzo nayaweza."

"Mimi nifundishwe na aliyepata manane?" alisema Jerusha, na kabla hajamaliza alikuwa amejuta. "Nisamehe. Nisamehe, Tirzah, nilikuwa natania."

"Najua. Ni kweli lakini."

Lavonne aliinuka kuongeza chai iliyokuwa imejaa.

Alipokuwa peke yake zizini alasiri ile, akikamua mbuzi, alijaribu kuomba, akagundua kwamba hawezi. Kila sentensi aliyoianza ilianza na "Wewe unajua," na ni kweli, Yeye alijua, na kwa hiyo hapakuwa na la kumweleza. Binti mmoja alikuwa akijizika hai kwa heshima na utiifu wote aliofundishwa, naye mama yake alikuwa ameshika koleo. Lakini akisema, angempoteza. Si kumpoteza kwa kwenda chuo, maana chuo kina likizo. Angeupoteza ule uso uliokuwa ukimtazama kila asubuhi wakati wa kusoma Neno, uso usiowahi kumtilia shaka tangu ulipozaliwa. Aliupima uso ule na mustakabali wa mwenye uso, akajiona mwenyewe akisita, na kusita kule ndiko alikokumbuka kwa aibu miaka yote iliyofuata.

Ijumaa, baada ya sala ya asubuhi, Lavonne alikuwa akikata vikonyo vya stroberi. Tirzah alipanda juu ya kiti, akalisogeza sufuria la mitungi, akashuka na kitabu cha bluu. Alikifuta vumbi kwa aproni.

"Cha Jerusha hiki," alisema. "Amefika umri wake." Alikifungua, akapekua. Penseli yake ya zamani ilikuwa pembeni mwa kurasa, mwandiko wa mtoto wa miaka kumi na minne, na karibu yake alama za vyema kwa kalamu ya mama. Kisha kurasa zikawa nyeupe. Alipekua mbele zaidi. Nyingine zilikuwa bado zimegandana pembeni kama zilivyotoka kiwandani.

"Mama, hiki tulikimaliza mwaka gani? Sikumbuki mwisho wake."

Hakuwa ameshuku kitu. Lavonne aliliona hilo, na ndilo lililomvunja. Hata kurasa zile zilizogandana, Tirzah alikuwa akizisoma kama kosa la kumbukumbu yake mwenyewe.

"Jerusha, nenda kawalishe kuku."

"Nimeshawalisha."

"Walishe tena."

Jerusha alitoka. Lavonne aliweka kisu mezani.

"Hatukukimaliza," alisema. "Tuliachia somo la ishirini na tatu."

"Kwa sababu ya Nana."

"Nana alikuja siku ya nne. Siku tatu za kwanza nilikuwa nimekwama mimi. Sikulielewa. Mpaka leo silielewi. Nana alipoletwa, nilimshukuru Mungu, Tirzah. Mama wa watu hawezi kusema, mdomo umepinda, nami moyoni nashukuru kwamba nimepata sababu ya kukifunga kile kitabu."

Tirzah aliketi polepole. "Lakini uliniandikia saa. Miaka mitatu. Uliniandikia A."

"Niliandika."

"A ya nini?"

"Ya viraka. Ya dawa za Nana. Mwanzoni niliamini. Baadaye sikuwa naamini tena, niliandika tu."

Nje kuku walikuwa wakigombania kifungua kinywa cha pili. Tirzah alikuwa bado ameweka kidole kwenye ukurasa wa mwisho wenye penseli.

"Na Mzee Harlan? Uliniambia nimewapita."

"Hukuwa umewapita. Alikuwa tayari kukuchukua. Nadine aliniuliza mara mbili, nikakataa."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Angejua kwamba sijui."

"Angejua." Tirzah alilirudia neno hilo kama anayelipima uzito. "Basi sikuwa mjinga. Sikufundishwa tu."

"Hukuwa mjinga hata siku moja. Wewe ndiye mwenye akili kuliko wote niliowahi—"

"Tangu Jumanne," alisema Tirzah. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumkata mama yake kauli. "Jumanne nilikaa hapa nikakwambia sina kichwa. Jumatano. Jana nikamwambia Baba, mbele yako, kwamba Mungu hakunipa akili. Ulikuwa unaongeza chai. Hesabu ningekusamehe sasa hivi, Mama, naapa—" alisita, maana kwao kuapa ni dhambi, "ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Ulikuwa huwezi, ukaogopa. Lakini siku tatu hizi ulikuwa unaweza. Uliniacha niamini hivyo kwa sababu ilikufaa."

"Ilinifaa," alisema Lavonne. "Ungebaki."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kunyamaza nako ni kusema uongo. Nilikuwa na miaka sita. Nilivunja jagi."

Aliinuka, akakiweka kitabu mezani kwa uangalifu, akavaa viatu vyake, akaenda bandani kwa baba yake. Lavonne alimwona Verlin akizima mashine, akisikiliza, kisha akivua kofia yake na kuishika kwa mikono miwili kama yuko mazikoni.

Jioni ile Verlin alimwambia mkewe maneno machache tu. "Ningekwenda nawe kwa Harlan mimi mwenyewe," alisema. "Ningeketi darasani badala yako, kama ni kuchekwa. Mimi nimezoea kuchekwa." Halafu akamshika bega, na mkono ule wa upole ulimwuma kuliko lawama.

Jumamosi walikwenda kanisani wote wanne, kwa sababu Tirzah alisema watakwenda. Cheti kilibaki nyumbani bila saini. Lavonne alimpigia Nadine simu asubuhi, akamweleza yote, na Nadine akauliza, "Sasa watu tuwaambie nini?"

"Waambie ukweli," alijibu Lavonne. "Mwambie kila atakayeuliza kwamba mama hakumaliza kufundisha."

Waliketi benchi la nne. Majina yalisomwa kwa mpangilio wa herufi, na yalipotoka kwa kijana wa akina Stroud na kwenda moja kwa moja kwa binti wa akina Underhill, yakiwaruka akina Tackett, vichwa viligeuka kama mabua yapigwayo na upepo. Tirzah alipiga makofi. Aliwapigia wote wanane makofi, sawasawa, hakuna aliyepunjwa. Kila mtoto alipompa mama yake waridi, Lavonne aliitazama mikono yake mwenyewe.

Baadaye, kwenye ukumbi wa chakula, Tirzah alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Harlan, aliyekuwa akihangaika na kipande cha keki katika sahani ya karatasi. Lavonne alikuwa karibu ya kutosha kusikia.

"Mzee Harlan, mtu akianzia somo la ishirini na tatu, itamchukua muda gani kufika mwisho?"

Mzee alimtazama juu ya miwani. Alikuwa ameshasikia, bila shaka. Kanisa lilikuwa na masikio. "Inategemea. Mtu mwenyewe ana haraka?"

"Ana miaka mitatu ya kufidia."

"Basi hapa hapatamtosha, binti yangu. Mimi ni mzee wa Alhamisi tu. Mjini kuna madarasa ya watu wazima, kila siku, na mwalimu wake nilimfundisha kazi ya kupima ardhi alipokuwa hana hata ndevu. Nitampigia." Akaweka sahani chini. "Ungekuja zamani, ningefurahi. Nilikuwekea kiti."

"Sikujua, mzee," alisema Tirzah. Hakugeuka kumtazama mama yake. Hakuna mwingine katika ukumbi ule aliyejua ilivyomgharimu kutogeuka.

Aliondoka juma la pili la Juni, kwenda kukaa kwa Maxine, dada yake Verlin, aliyeishi mjini karibu na chuo. Alifunga mizigo yake vizuri, kama alivyofanya kila kitu. Jerusha alimfuata chumba kwa chumba akimtania kwamba mjini watu hula chakula cha mkebe na kuoga kila siku, mpaka utani ukamwishia, akakaa juu ya sanduku na kukataa kushuka.

Lavonne alimngoja barazani.

"Nimeomba msamaha kwa Mungu," alisema. "Nimeomba kwa baba yako. Wewe nimekuomba kila siku, na nitaendelea."

"Nimeshakusamehe, Mama. Nilikusamehe Jumapili ile ile baada ya sherehe, nilipiga magoti nikasema, na sikusema kwa mdomo tu." Tirzah alirekebisha kamba ya mkoba begani. Alikuwa amekonda. "Lakini kukuamini ni kitu kingine. Nakitafuta kila asubuhi nikiamka, sikioni. Sijui kilikokwenda. Sitaki kukudanganya kwamba kipo."

"Usinidanganye."

"Sitakudanganya." Alimbusu mama yake shavuni, akashuka ngazi.

Siku ya Alhamisi Lavonne alimpeleka Jerusha kwa Mzee Harlan. Hakumwacha mlangoni, aliingia naye mpaka ndani, akasema mbele ya akina mama wote, "Huyu hajui aljebra, na mimi sijui. Mwanzishie tangu mwanzo." Hakuna aliyecheka. Mmoja wao, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, aliinamisha kichwa na kuanza kutafuta kitu katika mkoba wake kwa muda mrefu mno, na Lavonne akatambua kwamba hakuwa peke yake, na kwamba kutambua huko hakumponyi.

Tirzah alipiga simu kila Jumapili. Alizungumza na mama yake kwa adabu: afya njema, Shangazi mzima, mvua imenyesha. Alimwita Mama. Aliuliza kuhusu mbuzi. Katika miezi saba hakuwahi kumwuliza ushauri hata wa kutoa doa kwenye kitambaa, yeye ambaye zamani hakuweza kukata uzi bila kusema, Mama, hapa au pale?

Ilikuwa Januari, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, barabara zimeganda na Verlin hakwenda kazini. Lavonne alikuwa akimenya viazi. Simu ililia ukumbini, Verlin akapokea.

Alisikia sauti ya mumewe ikipanda. "Hebu sema tena," Verlin alisema, kisha, "Ngapi?" Kisha akacheka, kicheko kirefu ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu kiangazi, akasema, "Nilikwambia mikono ina kichwa!" na sauti ndogo ikajibu kutoka ndani ya simu, nayo ilikuwa ikicheka pia. Lavonne alisimama. Alifuta mikono kwa aproni, akaenda mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, akasimama hapo. Verlin alimwona. Alisema jambo kwenye simu kwa sauti ya chini, akasikiliza, akasema, "Haya, mwanangu. Haya. Kimbia basi usichelewe," akaweka simu chini.

"Amefaulu," alisema. "Kati ya maswali arobaini, amepata thelathini na manane. Anaanza uuguzi mwezi wa nane."

Lavonne alishika mwimo wa mlango. Machozi yalimjia, naye akayaacha.

"Alisema uniambie?"

Verlin alimtazama mkewe. Alikuwa mtu mwema, tena mkweli, na alichukua muda kutafuta jibu lililokuwa vyote viwili.

"Hakusema nisikuambie," alisema.